Madame na Bundi wa Mushitu

Mkiniuliza kama alikuwa mtu mwema, nitawaambia hapana, hakuwa. Alikuwa mkali, mdomo wake haukuwa na breki, na aliwahi kunichapa vidole kwa rula ya mbao mbele ya darasa zima kwa sababu nilichora popo nikamwekea mdomo wa ndege. Siandiki haya ili kumsafisha. Ninaandika kwa sababu mtaani kwetu, pembeni mwa Kolwezi, watu wamemgeuza kitu ambacho hakuwa, na hasira ya jambo hilo haijanitoka mpaka leo.

Tulimwita Madame, basi. Alifundisha biolojia katika sekondari yetu mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu wanaume wazima wenye ndevu walificha sigara nyuma ya mgongo walipomwona anakuja. Watu wengine mtaani ni Mama Fulani na Tata Fulani, kwa majina ya watoto wao. Mimi naitwa Mama Elia. Yeye peke yake aliendelea kuniita "mwanafunzi", hata nilipokuwa na mume, nyumba na meza yangu ya vitenge sokoni.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na nyusi zake ziliota mvi kabla ya nywele. Alikuwa na tabia ya kukutazama bila kupepesa mpaka ukasahau uongo uliokuwa umeuandaa. Ukimletea habari yoyote, iwe darasani, kisimani au nje ya kanisa baada ya misa, alikuuliza swali lake lile lile: "Uliona, ao balikuambia?" Ukijibu kwamba uliambiwa, alikugeuzia mgongo na kuendelea na kazi yake. Watu walichukia swali hilo. Mtaa wetu unaishi kwa kuambiwa.

Kila mwaka mvua zikikaribia, aliweka programu ya wizara kando na kuchora bundi ubaoni. Alichora polepole, kwa chaki za rangi alizonunua mwenyewe na ambazo hakuruhusu mtu mwingine azishike. Hakuwa yule bundi wa kwenye picha, mwenye macho ya njano na manyoya mawili yaliyosimama kichwani kama pembe. Alichora wa kwetu. Kichwa cha mviringo, bila pembe. Macho ya kahawia iliyokolea, karibu meusi, yamezungukwa na weupe, na juu yake nyusi nyeupe pana. Mgongo wa kahawia wenye madoa meupe, kifua na tumbo lenye mistari mistari ya kahawia na nyeupe, mdomo wa njano, miguu yenye manyoya hadi karibu na kucha. Akimaliza, aliandika chini yake chakula cha ndege huyo: wadudu kwanza, kisha panya, vyura, ndege wadogo, nyoka mara mojamoja. Halafu aligeuka kwetu.

"Musome ile liste," alisema. "Mutu iko mule?"

"Hapana, Madame."

"Mutoto ya mutu iko mule?"

"Hapana, Madame."

"Muandike."

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alijua kwamba jioni ile tungerudi nyumbani na kuambiwa na mama zetu kwamba bundi ni ndege wa balozi, yaani wachawi, kwamba akilia juu ya nyumba lazima mtu afe. Alijua kuwa ubao wake ungefutwa kabla ya kulala. Hata hivyo alichora tena mwaka uliofuata.

Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na mushitu, ndivyo tunavyouita ule msitu mnene unaoota pale maji yanapotoka ardhini. Kiangazi kilipounguza kila kitu na vumbi la malori likageuza paa zote kuwa nyekundu, mushitu ulibaki kijani, na ndani yake kulikuwa na baridi hata saa sita mchana. Kisima chetu kilikuwa humo. Ukingoni ulisimama mupundu mkubwa ambao matunda yake yalitulea sote, na juu kabisa, pale tawi nene lilipovunjika zamani, palikuwa na shimo. Bundi walizalia humo.

Madame alitupeleka kuona mchana, wakati wamelala. Dume na jike hukaa tawi moja, wamebanana, rangi yao na rangi ya gome ni moja, na unaweza kusimama chini yao hadi shingo ikuume usione kitu. Yeye alituonyesha walipo kwa kidevu tu, kwa sababu alisema kidole kinawasumbua. Alitueleza kwamba hawajengi kiota. Mwisho wa kiangazi jike huingia shimoni na kutaga mayai meupe, mara nyingi mawili, juu ya vumbi la mti uliooza. Huatamia peke yake, na dume humletea chakula mpaka makinda yaanguliwe, ili mvua zinapofika na wadudu wakijaa, yawe yamefungua midomo. Kila mwaka ni mti ule ule na shimo lile lile, na jioni dume anaita kwa sauti nene, jike anamjibu kwa sauti nyembamba.

"Ni bibi na bwana," alisema. "Banaulizana: uko wapi, uko wapi. Njo ile sauti munakimbia."

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu wanaomsema hawalijui. Mwanamke huyu aliogopa giza. Jua likizama alikuwa ameshafunga mlango na kuwasha taa, na umeme ukikatika alikaa na mishumaa pande zote. Akitaka kuwasikiliza bundi wake wakianza kuitana jioni, alinipigia hodi nimsindikize, mimi mwenye sufuria ya bukari, ugali wetu, motoni, na njia nzima alinishika mkono kwa nguvu. Nilimuuliza siku moja aliogopa nini, yeye aliyejua kila kinachotembea usiku.

"Batu," alinijibu. "Ndege nilisoma, nikamaliza. Batu sijabamaliza."

Alikuwa hivyo, amejaa mambo yasiyopatana. Darasani alitufundisha kwamba nyoka wengi hawana sumu na kwamba kuua kiumbe usichokijua ni ujinga. Nyumbani kwake jembe lilikaa nyuma ya mlango kwa ajili ya nyoka tu, na hakumuuliza nyoka jina. Nilipomkumbusha somo lake alisema: "Ile ilikuwa mu klasi. Hapa ni kwangu." Alikaa benchi la kwanza kila Jumapili, rozari mkononi, na padri akihubiri alitikisa kichwa waziwazi kama anayesahihisha mtihani. Alisema hapendi watoto, kisha aligombana wiki nzima na mama mmoja jirani ambaye alimtuma mwanawe kuchota maji akiwa na homa.

Mwaka mmoja kinda la bundi lilionekana chini, karibu na kisima. Makinda hao hutoka shimoni kabla hawajajua kuruka. Hukaa matawini na manyoya yao meupe laini, wakilia njaa, na wazazi huwalisha kwa miezi. Huyu aliteleza tawini akaanguka. Wanawake waliotangulia kisimani walimwona ameketi ardhini, mweupe, macho meusi yamewatazama, wakatupa bidoni zao za maji na kukimbia wakipiga kelele kwamba mulozi, mchawi, ameanguka kutoka kwenye ndege yake ya kusafiria usiku. Nilipofika, vijana walikuwa wameshaleta petroli ya pikipiki, na mmoja alitafuta kiberiti. Kinda lilikuwa linafungua mdomo.

Madame alikuja na mwavuli. Alimpiga wa petroli begani, akampiga wa kiberiti mkononi, akavua kitambaa chake cha kichwa, akalifunika lile kinda na kuliinua. Kisha alilipeleka kwenye mti wenye matawi ya chini, akaliweka, na likaanza kupanda lenyewe kwa kucha na mdomo, likiteleza na kushika tena. Alisimama pale kichwa wazi mpaka lilipofika juu. "Muone," alisema bila kugeuka. "Mulozi yenu hayui hata kupanda muti."

Watu walicheka siku hiyo. Lakini nimejifunza kwamba watu wakicheka wameahirisha tu.

Mwanangu Elia alikufa kwa surua. Nitalisema hivyo na sitalisema vingine. Alipata homa, macho mekundu, vipele vikaanzia usoni, kifua kikabana, na alikufa hospitalini mikononi mwangu. Walikufa watoto wengine pia mwaka ule. Siku ya kilio nyumba ilijaa watu, wengine wakinishika mabega, wengine wakininong'oneza kwamba bundi alisikika usiku ule juu ya paa langu. Mimi sikuwa kwangu usiku ule, nilikuwa hospitalini, ningesikiaje? Wao walilala kwao milango imefungwa, walionaje? Madame alikuja mchana, akakaa chini kwenye mkeka na wanawake wengine. Hakulia. Hakuniambia pole. Baada ya muda mrefu aliniinamia akauliza:

"Docta alisema nini?"

"Surua, Madame."

Alitikisa kichwa kukubali, akanyanyuka, akaenda kuosha vyombo vya wageni nyuma ya nyumba. Niliuchukia moyo wake siku hiyo. Niliona ni mtu wa jiwe, anayekuja kwenye msiba kufanya mtihani. Leo ninajua kwamba kati ya maneno yote niliyoambiwa kwenye kilio kile, neno nililobaki nalo ni hilo alilonifanya nilitamke mwenyewe mbele ya wote.

Kisha yakatokea mawe ya kijani. Wachimbaji wadogo, wale vijana wanaotoka pande zote za Kongo kutafuta shaba na kobalti, walikuwa wakiosha mawe yao kwenye kijito kinachotoka kisimani kwetu. Walifanya hivyo kwa miaka, mbele ya macho yetu. Mabaki yakajaa kwenye mchanga. Siku moja kundi jipya likafika, likayaona mawe ya kijani chini ya miti, likaenda kwa shefu wa mtaa kusema kwamba mushitu umelalia madini. Shefu huyu alizaliwa hapa. Alijua nani aliosha nini na wapi. Akasema wataangalia.

Mkutano uliitishwa Jumapili mchana, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Shefu alikaa kwenye kiti cha plastiki, na pembeni yake alikaa pasta wa chumba cha maombi kilicho kona ya barabara yetu, mtu mwenye suti nzuri aliyekuwa amekwishaahidiwa kwamba kila shimo litaombewa naye kabla ya kuchimbwa. Madame alisimama bila kupewa nafasi. Alizungumza kama darasani.

"Muangalie bilima yote ya shaba," alisema. "Iko na miti? Hapana. Iko majani mafupi tu na maua kidogo, sababu shaba inaua mizizi. Bote munayua, tangu ba tata yenu. Sasa ule mupundu ni mukubwa, batu batatu habawezi kuukumbatia. Bundi anazalia mule kila mwaka. Bundi anatafuta muti ya zamani yenye shimo, na muti ya zamani haioti juu ya shaba. Kwa hiyo chini ya bundi hakuna madini. Kuko mayi. Ile majiwe ya kijani ni yenu, mulisafishia pale."

Ilikuwa wazi, hata mtoto angeielewa. Niliona vichwa vikianza kukubali. Wachimbaji wawili wakubwa walitazamana, kwa sababu wao wanavijua vilima hivyo kuliko sisi. Ndipo pasta akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Madame," alisema kwa upole. "Sisi bote hapa tunaona juu ya udongo. Weye unaona chini. Nani anakuambia bitu biko chini?"

Mtu nyuma akasema: "Ndege yake."

Hapo ndipo kila kitu kilipogeuka, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Alichowapa kama hoja wakakipokea kama ungamo. Anawajua bundi, anajua wanapolala, anajua mayai yao, anajua kilichomo ardhini. Basi ni wake, wanamtumikia. Madame alimuuliza pasta swali lake, kama aliona au aliambiwa. Pasta akajibu kwamba Mungu alimwonyesha. Kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Muulize Mama Elia. Ile usiku mutoto yake alikufa, nani alilia juu ya nyumba?"

Nilisimama. "Mutoto yangu alikufa na surua, ku lopitalo," nilisema. "Usimutie Elia mu mambo yako, Pasta."

Walinitazama kwa huruma. Hakuna kitu kilichowahi kuniudhi kuliko huruma ile. Mama mmoja alinivuta kitenge nikae, akaniambia polepole kwamba ndivyo balozi wanavyofanya, wanamfunga mtu akili ili awatetee. Kwa hiyo ushahidi wangu nao ukawa ushahidi dhidi yake. Walichukua maiti ya mwanangu wakaitumia kufukuzia mwanamke mzee.

Baada ya hapo mawe yalianza kuanguka juu ya paa lake. Kundi la maombi likaja kuimba getini kwake mchana kutwa. Kisimani walimwaga maji aliyochota. Shefu alifika na kofia mkononi akamshauri aondoke kwa usalama wake mwenyewe, na sijui kama amewahi kulala vizuri tangu siku hiyo, natumaini hapana. Asubuhi aliyoondoka, lori la jamaa yake lilibeba kitanda, vitabu na lile jembe la nyoka, kumpeleka Nzilo kwa mdogo wake. Nilimsaidia kufunga kamba. Wengine walisimama milangoni wakitazama, wanafunzi wake wa zamani wengi wao, na hakuna aliyemwambia kwaheri. Alipokuwa ameshapanda alinisemesha neno moja tu: kinda limeshaanguliwa, niliangalie.

Mupundu uliangushwa muda mfupi baadaye, kabla kinda lile halijajua kuruka. Nilikuwepo. Msumeno wa mashine ulilia asubuhi nzima, wazazi wakaruka mchana kweupe wakipiga piga midomo yao, na mti ulipolala nililiona kinda kwenye mpasuko wa lile shimo, manyoya meupe, limevunjika. Kijana mmoja alilimwagia petroli hata hivyo. Pasta aliomba. Kisha wakachimba, wakachimba tena pembeni, na walichopata ni kile alichowaambia: maji. Mashimo yakajaa, kuta zikaporomoka, kisima kikageuka tope. Leo mtaa mzima tunanunua maji ya bidoni yanayokuja kwa mkokoteni, na nikisimama kwenye foleni ninawatazama mmoja mmoja usoni.

Mnadhani walijifunza? Bundi hawalii tena jioni, bila shaka, wangelia wapi? Basi sasa wanasema: mnaona, kweli alikuwa mulozi, ameondoka na ndege wake, na madini ameyahamisha.

Nilimwona tena mwaka jana, nilipokwenda Nzilo kununua samaki wa bwawa la huko. Nyumba ya mdogo wake iko karibu na maji. Alikuwa ameketi barazani anachambua maharagwe, amekonda, nyusi nyeupe kabisa. Alinitazama bila kupepesa.

"Mwanafunzi. Balikata ule muti, banasema."

"Balikata, Madame."

"Uliona, ao balikuambia?"

"Niliona."

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. "Mutoto alikuwa na manyoya gani?"

"Meupe."

Hakuuliza zaidi, manyoya meupe alijua maana yake. Aliendelea kuchambua, akitupa mawe madogo kando. Nikamwambia yote mengine, tope la kisima, na wanavyosema kwamba alikwenda na ndege wake. Nilidhani atakasirika. Lakini alisema kwa sauti ya chini sana:

"Kama balikuwa bangu, ningebabeba kweli. Ningeanza na ule mutoto."

Tulikula maharagwe yale. Jua lilipoanza kushuka aliniharakisha niwahi gari, na mdogo wake alikuwa tayari anafunga madirisha kwa ajili yake. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi na kapu langu la samaki aliponiita.

"Mwanafunzi. Elia alikufa na nini?"

"Na surua, Madame."

"Useme vile kila siku," alisema. "Siku ile utanyamaza, batasema ni miye njo nilimukula."